Nimefuta picha ya bomba, bomba likapata fundi

Mjomba wenu leo nimeitikisa Kilwa Masoko kwa kidole kimoja!

Mpwa wangu Zuhura alirusha picha ya bomba letu bovu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akanivaa: "Wewe ndiye admini. Futa, mnanidhalilisha!"

Nikabonyeza. Ikapotea. Nikamwambia, "Imeisha hiyo."

Kwenye mkutano wa mtaa Zuhura akasimama, shikamoo kwanza, akauliza bomba litatengenezwa lini.

Mwenyekiti akacheka. "Bomba gani, binti? Hiyo picha iko wapi?"

Weee! Simu elfu moja zikanyanyuliwa (watu tulikuwa arobaini). "Hii hapa!"

Kumbe nilibonyeza "Futa kwangu".

Mwenyekiti kanitazama kama kalamba ndimu. Akaahidi mbele ya wote: fundi kesho asubuhi.

Nani kama mimi? Ila nirushieni ile picha, kwangu haipo.