Safi Kwanza, Virusi Mwisho

Pale kazini walimwita Mama Viwavi, na alishachoka kukataa. Kiwavi mwenyewe hakuwahi kufuga hata mmoja. Alichofuga ni seli, uzao wa seli zilizotolewa zamani kwenye ovari ya nondo, yule mdudu anayezaa viwavi, zinaogelea ndani ya chupa za glasi zinazotikiswa mchana na usiku kama mtoto anayeumwa tumbo. Wewe unayedhani kazi ya maabara ni kuvaa koti jeupe na kupigwa picha, njoo umpokee zamu siku moja, halafu tuongee.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna virusi vinavyoua viwavi, mtu havimdhuru. Wataalamu wamevibebesha jeni ya protini wanayoitaka, ya kutengenezea chanjo ya ng'ombe. Virusi vikiingia kwenye seli, seli inaacha shughuli zake zote, inawatengenezea watu protini yao, inavimba mpaka inakufa. Mama Viwavi aliwahi kusema hajaona kiumbe kinachofanana naye kama hicho. Wenzake wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

Sheria ya pale ni moja: safi kwanza, virusi mwisho. Asubuhi unaanza na chupa mama, yenye seli nzima zinazozaa nyingine zote. Ukishagusa chupa za utepe mwekundu, zenye virusi, usirudi tena kwa zile safi siku hiyo, hata iweje.

Sheria hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. Alianza na wajukuu alioachiwa na binti yake, kisha vyombo, kisha nguo. Mgonjwa mwisho. Mgonjwa ndiye mumewe, kinyozi aliyekuwa na maneno hata wateja wakishanyolewa hawaondoki. Kiharusi kilimlaza upande mmoja na kumfunga ulimi. Maneno yalianza kurudi mojamoja, kisha yakaanza tena kupungua.

"Huyu anataka mtu wa kuongea naye kila siku," muuguzi alimwambia mke waziwazi. "Ulimi ukilala safari hii, hauamki."

Mama Viwavi aliitikia. Lakini mpaka amfikie mumewe jioni, yeye mwenyewe hakuwa na neno lililobaki. Alimlisha, akamgeuza, akalala. Ilimuuma, tena sana, ila kuumia hakumwongezei mtu nguvu.

Asubuhi moja alimkuta anamwangalia tu, ndevu zimemjaa. Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mkewe akaogopa kweli. Akawaacha wajukuu wagombanie soksi zao, akachukua wembe na sabuni, akakaa kitandani akaanza kumnyoa, huku anammwagia habari zote: za jirani na kuku wake, za Daktari, bosi wake, anayezibembeleza mashine zikigoma. Ndevu zikaisha, habari bado.

"Kinyozi," mzee akasema, polepole, kama anayevuta gunia, "hajinyoi."

Mkewe akacheka mpaka akalia, na kazini akachelewa.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Alivaa glovu mbiombio, akachukua chupa iliyokuwa karibu na mkono, akaiongezea chakula. Kisha akachukua chupa mama, akailisha kwa mrija uleule. Alipoinua macho ndipo alipouona utepe mwekundu kwenye ile ya kwanza.

Hakuna aliyemwona. Seli zingeonekana nzima mpaka kesho, na kosa lingeweza kuwa la yeyote. Alilifikiria hilo, tusimpake mafuta. Lakini hata uongo unataka nguvu, ya kukumbuka ulisema nini.

"Daktari, nimeua chupa mama," alimwambia bosi wake. "Nimeanza na virusi."

Daktari akavua miwani, akasugua macho. Naye alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, usingizi anausikia kwa watu.

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Mimi."

"Basi imwagwe. Tutafufua seli nyingine zilizogandishwa kwenye tangi la baridi." Akamtazama vizuri. "Mpaka zikue, wiki kadhaa hatuna kazi kubwa. Hizi za utepe mwekundu nitazivuna mwenyewe. Una likizo hujaichukua. Nenda nyumbani, mama, kabla hujaniua na mimi."

Alifika jua likiwa utosini. Mumewe akageuza kichwa juu ya mto wake, akashangaa.

"Wame... kufukuza?"

"Hawajanifukuza. Nimekosea kazi."

"Nini?"

Mama Viwavi akavuta kigoda mpaka kitandani, akakaa, hata viatu hajavua.

"Leo nilianza na wewe," akasema.

Upande mmoja wa mdomo wa mzee ukapanda, ule mzima.

"Kesho," akasema, "kosea... tena."