Kaanguka, wakampigia makofi

Leo mzee kaanguka mbele yangu, na wenzake wakampigia makofi.

Mnajua kazi yangu, nnatembeza wageni wa meli kutoka Bandari ya Sultan Qaboos. Leo nilipewa Waingereza. Mmoja wao mzee, yuko peke yake, na kila mtu anataka kupiga picha naye. Nikaambiwa kwao alikuwa mchekeshaji wa televisheni. Umaarufu wake wote ni kuanguka: ngazini, bwawani, hata juu ya keki ya harusi.

Basi tumo sokoni Matrah, sakafu imetoka kupigwa deki. Mzee huyo, chini, puu!

Wenzake wakacheka. Makofi. Simu juu.

Mie likanitoka lenyewe: "Bismillahi! Pole, babu, pole!"

Kiswahili kwa Muingereza, jamani 😅

Akainuka, akawainamia kama yuko jukwaani. Wakazidi kucheka. Lakini nilipomshika mkono, nikaona kiwiko kinatoka damu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umesema nini?"

Nikamweleza kuwa kwetu mtu akianguka tunampa pole, hata kama si sisi tuliomsukuma.

Akaniambia, "Tangu mke wangu afe, nikianguka watu hucheka tu. Hebu sema tena."

Nikasema tena.

Jioni nimerudi kwangu Ansab. Nyumba kimya tangu mamangu afariki. Nikajikwaa kizingitini.

Nikasimama pale pale, nasubiri.

Nyie mkijikwaa nyumbani, nani anakupeni pole?