Sumaku ya redio ya marehemu na kesi yangu ya uji wa shule

Wakuu, habari za humu. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mpo. Wengine wote marahaba, nimeitikia kabisa kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi, nipo Kasokola, hapa Mpanda. Shule niliishia darasa la nne. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mjukuu wangu kazi yake ni kurudisha herufi nilizoruka. Atakayeona makosa amseme yeye.

Ninachosimulia ni cha kweli. Nimekiona kwa macho haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini uongo linauona.

Haya, twende.

Mimi ndiye mpishi wa uji wa shule ya msingi hapa kwetu. Wazazi wanachanga mahindi, mimi napeleka kusaga, nachekecha, napika. Miaka mingi sasa. Watoto niliowapikia zamani leo wanaleta watoto wao. Njiani naitwa Bibi Uji, jina langu la ubatizo wengi hawalijui.

Mume wangu alipofariki, hiyo kazi ndiyo iliyonitoa kitandani asubuhi. Kwa hiyo msione uji mkadhani ni uji tu.

Marehemu aliacha redio. Ya betri nne, zile kubwa. Betri zikichoka nilikuwa nazianika juani pamoja na mihogo, jioni redio inaimba tena kidogo halafu inakata. Mliokulia kijijini mnanielewa.

Sasa nina mjukuu, Skolastika, tunamwita Skola. Yuko Form Two, anaishi kwangu. Babu yake alikuwa akimwita mchumba, kwa hiyo mimi na yeye tukawa tunaitana mke mwenza. Utani wa kawaida wa bibi na mjukuu.

Siku moja natoka kuokota kuni, nakuta redio imelala kifudifudi mezani kama kuku aliyepasuliwa. Utumbo nje. Spika imeng'olewa.

"Skola!"

"Abee, bibi."

"Nani kamchinja mume wetu?"

Akaja mikono nyuma. "Bibi, redio ilishakufa. Mwezi wa pili huu hailii hata ukianika betri. Mwalimu kasema mwenye sumaku alete kwa ajili ya practical, na ndani ya spika kuna sumaku."

"Ungeomba."

"Ningeomba ungekataa."

"Ningekataa ndiyo!"

"Ndiyo maana sikuomba."

Nikamwambia kuanzia leo usiniite mke mwenza, mimi ni bibi yako, na kama mdomo unakuwasha kauoshe. Tukaishi siku nne kwa salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Ugali tunakula kama abiria wasiojuana.

Lakini nilikuwa namchungulia. Ile sumaku ni pete nyeusi, nzito, kama kitumbua kilichoungua chenye tundu katikati. Akasugua nayo sindano yangu ya kushonea, akaifunga uzi katikati, akaining'iniza. Sindano ikazunguka ikatulia imeelekea chooni. Akaigeuza, ikarudi chooni. Akaigeuza tena, chooni. Kumbe kaskazini yetu iko huko. Nilijifanya napepeta.

Siku ya tano akazisema na betri zangu. "Bibi, betri siyo solar. Solar ndiyo inageuza jua kuwa umeme. Betri hii ina kemikali ndani, zikitumika zimeisha. Joto linaziamsha kidogo tu, halizijazi." Kesho yake nilizianika vilevile, kwa hasira.

Sasa ndiyo linakuja lenyewe.

Nguzo za umeme zilipotufikia, mwenye mashine ya kusaga aliiondoa injini ya dizeli akafunga mota. Tulifurahi nyie! Moshi hakuna, makelele yamepungua, unga haunuki mafuta. Kila mtu hapa akahamia kusaga kwake.

Baada ya muda watoto wakaanza kusema uji unakwaruza. Nikaonja. Kweli, kuna kitu kinasaga kwenye jino. Nikasugua sufuria mpaka mikono ikachubuka. Nikabadilisha maji. Nikachekecha unga mara mbili, mara ya tatu nikauchuja kwa kitambaa. Bado unakwaruza.

Akaja Mama Prisca, mtoto wake yuko darasa la pili. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Bibi, watoto wanakula mchanga."

"Mchanga nimeutoa wapi?"

"Macho yamechoka, bibi yangu. Pumzika, waachie wenye macho."

Maneno yakasambaa. Wengine wakasema kizee anapika na majivu. Wengine wakasema ni umeme, ule unga unaunguzwa na umeme ndani ya mashine. Mwenyekiti wa kamati ya shule akatangaza kikao cha wazazi Ijumaa saa kumi. Ajenda moja: kuchagua mpishi mwingine.

Jumatano nilikaa uani na ungo wa unga mapajani. Sitawaficha, nililia. Siyo kilio cha sauti, yale machozi yanayojitokea yenyewe wakati mikono inaendelea na kazi.

Skola akatoka shule akanikuta hivyo. Akasimama. Akaingia ndani, akarudi na ile sumaku ameivingirisha kwenye kipande cha nailoni.

"Bibi, naomba unga."

"Wa nini? Na unga nao unataka kuupasua?"

"Ndiyo."

Akaizamisha kwenye unga, akazungusha polepole kama anayekoroga uji. Akaitoa.

Wakuu, sumaku ilikuwa imeota ndevu. Ndevu nyeusi, fupi, zimesimama wima. Nikadhani ni wadudu, nikarudisha ungo nyuma. Akanishika kidole akanigusisha. Zinachoma.

"Ni chuma hiki, bibi. Chekeche lako halikioni kwa sababu kimesagika laini kama unga."

Halafu akaichomoa sumaku kutoka kwenye nailoni, zile ndevu zikadondoka zote kwenye karatasi, puu. Ndiyo maana ya nailoni, kumbe. Bila hiyo zingeganda na usingezitoa.

Nikamuuliza chuma kimeingiaje. Akasema umeme hauingii kwenye unga, waongo hao. Umeme unaingia kwenye mota, mle kuna nyaya zilizoviringishwa, umeme ukipita zinageuka kuwa sumaku, ndizo zinazozungusha. Mota inazungusha nyundo za mashine, nyundo zinaponda mahindi. Dizeli ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo kwa moto wake. Kilichobadilika ni kinachosukuma, wala siyo unga. "Lakini humo ndani kuna chuma kinagusana na chuma, bibi."

Mtadhani nilimkumbatia. Hapana. Nilimwambia akale, ugali uko kwenye hotpoti.

Ijumaa tukaenda. Nilibeba unga wa shule niliotoka kusaga asubuhi ile, na mahindi ya kiroba kilekile yaliyokuwa hayajasagwa. Kwa nini nilibeba mahindi sijui. Pengine nilitaka tu waone kwamba ni masafi.

Skola akasimama mbele ya watu wazima na sare yake ya shule, akazamisha sumaku, akaitoa na ndevu. Watu wakasema yesuuu. Nikaanza kunyoosha mgongo.

Akasimama Baba Kulwa. Huyu ni mchimbaji wa dhahabu, anaheshimika, na siyo mtu wa fitina.

"Binti, hongera. Lakini sisi machimboni sumaku tunaitumia kila siku. Tunatoa mchanga mweusi ili dhahabu ibaki. Mchanga mweusi nao unanasa kwenye sumaku hivyohivyo. Sasa nitajuaje kama hicho ni chuma cha mashine na siyo mchanga wa uani kwa bibi, anapoanika mahindi?"

Skola akaniangalia, akaigeuza sumaku mkononi. Mwalimu hakufika huko.

Mama Prisca akapiga kofi pajani. "Si nilisema? Ni mchanga!"

Mwenyekiti akafungua daftari, kalamu mkononi. Wakuu, nilijiona nimeshavuliwa mwiko mbele za watu.

Ndipo macho yangu mabovu yakaangukia kile kiroba cha mahindi.

Nikasimama. "Leteni kinu."

"Cha nini, bibi?"

"Mahindi haya ni ya kiroba kimoja na unga huu. Yameanikwa uani kwangu, siku moja, juu ya turubai moja. Kama mchanga ni wa kwangu, utakuwemo na humu. Kinu ni mti, mchi ni mti, hakuna chuma. Tutwange, halafu mpitishe hiyo sumaku."

Baba Kulwa akacheka. "Bibi, hapo umenifunga."

Kinu kikaletwa nyumba ya jirani. Nikamkabidhi mchi Mama Prisca mwenyewe. "Twanga wewe, mama. Mimi macho yamechoka."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Alitwanga, jasho likamtoka, ukapatikana unga wa chenga chenga. Nikasema sumaku nisiishike mimi wala mjukuu wangu, aishike Baba Kulwa.

Akazamisha kwenye unga wa kinu. Akakoroga sana, anatafuta kweli. Akaitoa. Nyeupe. Vumbi la unga tu, akapuliza likaruka.

Akazamisha kwenye unga wa mashine. Ndevu.

Akarudia. Nyeupe. Ndevu.

Akaigeukia hadhara. "Hiki ni chuma cha mashine. Huyu mama hana kosa."

Halafu likatokea ambalo sikulitegemea. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Hata kwangu ugali unakwaruza. Nilidhani ni dagaa." Mwingine: "Hata kwangu, nikamfokea binti yangu." Mwingine, na mwingine. Kumbe kijiji kizima tulikuwa tunatafuna chuma, kila mmoja kajifungia na aibu yake, maana nani ataamka aseme chakula cha nyumbani kwake kina mchanga? Ila mimi napika hadharani, ndiyo maana nilikamatwa mimi.

Mama Prisca hakuomba msamaha kwa maneno. Alinisaidia kubeba kiroba mpaka nyumbani. Kwangu inatosha.

Mwenye mashine mwanzoni alinuna, akasema tunamharibia kazi. Kesho yake akakata umeme, akafungua mashine mbele yetu. Nyundo moja imelegea, inakwangua lile chekeche la chuma la ndani, limelika upande mmoja linang'aa kama sarafu mpya. Kwa nyundo zile zinavyovuma zikiponda mahindi, mkwaruzo wake usingeusikia. Akabadilisha vyote viwili. Unga uliobaki tukaurudia kwa sumaku, uliozidi chuma tukaumwaga.

Na akamwomba Skola ile sumaku. Skola akasema siyo yake, ni ya bibi.

Nikasema chukua. Sasa imefungwa kwenye mdomo wa mashine pale unga unapotokea, ndani ya nailoni, na kila jioni wanaisafisha. Ndevu zinazidi kupungua.

Nikienda kusaga naisalimia. Watu wanadhani naongea na mashine.

Uji bado napika mimi. Skola anasema akimaliza atasomea umeme, na mwalimu wake kasema lile jambo la kinu ataliweka kwenye somo. La kinu ni la kwangu, msilisahau, hata kama la sumaku ni la kwake.

Tulipotoka kwenye kikao kile alikuwa anatembea nyuma yangu, kimya, kama siku zile nne. Nikageuka nikamwambia, "Mke mwenza, mbona unakokota miguu? Mume wetu katupigania leo, tukampikie."

Alikimbia akanipita.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto akibomoa kitu, kabla hujamchapa muulize alikuwa anatafuta nini ndani. Na mtoto naye aombe kwanza. Hili analisoma saa hizi anavyonirudishia herufi, na amenuna.

Betri bado naanika. Najua hazijai. Ni mazoea tu, na mihogo inapenda kampani.

Sasa nyie wa huko, nani unga wake unakwaruza na anaona haya kusema? Tafuta spika mbovu, uitie sumaku yake kwenye nailoni, ukoroge, halafu uje utuambie umetoa nini. Hakuna atakayekucheka hapa. Mimi na mke mwenzangu tumekaa na simu, tunasoma kila mmoja.