Umenishinda kwa Raba Yangu

Bado nabishana na hii simu. Binti wa Kerubo ameniandikia tangu asubuhi kwamba mamake ametuacha, na mimi kila mara namjibu ajaribu kumwamsha tena.

Haamki. Kesho tunamzika kwake Nyansiongo. Na tayari nimesikia kuna watu wanauliza kama na mimi nitathubutu kufika, eti hao wawili walishindana maisha yao yote.

Nitafika. Na nitakaa mbele.

Nyinyi mnaosema hatukupendana, someni hapa.

Miaka ya sitini, shule yetu ya Nyacheki. Kiswahili tulikiokota darasani tu, nyumbani ilikuwa Ekegusii mwanzo mwisho. Mwalimu mgeni akatuandikisha insha kuhusu wazazi. Kerubo akaitwa kwanza, akasoma kwa sauti: "Baba yangu ni mzuri. Baba alinizaa na kuninyonyesha."

Kwa Ekegusii, mama ndiye tunamwita baba. Baba mwenyewe ni tata. Mwalimu hakujua hayo, akacheka mpaka akashika meza.

Kerubo aliketi machozi yakimlengalenga, halafu akanipitishia raba yake chini ya dawati. Insha yangu nayo ilijaa baba kila mstari. "Futa haraka," akaninong'oneza. Nikafuta, nikasoma, nikawa wa kwanza.

Tukirudi nyumbani alininunia mpaka karibu na kwao. Ndipo akasema, "Umenishinda kwa raba yangu. Muhula ujao utanitambua."

Na nilimtambua, jameni. Alichukua namba moja, nikamnyang'anya, akaipokonya tena. Tukienda kuchuma majani chai, aliyekosea Kiswahili ndiye alibeba vikapu vya wote wawili hadi kituo cha kuuzia. Nimebeba sana.

Miaka ya sabini, ofisi moja Kisii mjini ikatafuta operator mmoja wa switchboard, ile mashine ya kuunganisha simu. Babake Kerubo alikuwa ameshaamua: asipopata kazi, anaolewa na mzee mmoja wa Keroka mwenye lori. Watu wa kwetu wakanishauri nimfiche habari ya interview. Nikaenda kumwambia siku hiyo hiyo. Tukafanya mazoezi katikati ya michai, mmoja akijifanya bosi mkali kwenye simu, mwingine operator.

Kazi akapata yeye. Nililia kwa hasira, siwadanganyi, maana niliitaka sana.

Jumamosi, baada ya kanisa, akaja kwetu na lile tabasamu lake la kuudhi. Akasema nafasi nyingine inafunguliwa karibuni, na atanifundisha ile mashine yote kabla sijaitwa. "Kushinda peke yangu hakuna raha," akaniambia.

Nikapata. Baadaye nikawa supervisor wake. Akanuna, akarudi kusoma, akawa supervisor wangu. Babake hakutaja tena habari ya mzee wa lori.

Kwa hivyo kesho msininong'onee mambo ya uadui. Hakuna mtu aliyenitakia mema kama huyo aliyekuwa anataka kunishinda.

Na wewe kifo, usijipigie makofi. Umemkuta amemaliza shift yake.

Kerubo, lala salama, mshindani wangu. Kesho nitasimama mbele ya watoto wako nisome kwa sauti kwamba ulikuwa baba mzuri. Nimeandika baba. Wacheke wanaotaka, safari hii sifuti.