Nyota Haizunguki Bure

Abdulsamad hajapata kumwona baba yake. Anamjua kwa harufu tu: udi kwenye kanzu moja nyeupe ambayo mama yake, Bi Raya, huitundika kila Alhamisi jioni nyuma ya mlango wa flati yao ya ughaibuni, Hounslow, akaifukiza kama mwenyewe yumo chooni anaoga. Mwenyewe, Nassor, alichukuliwa Unguja wiki zile za Mapinduzi, sitini na nne, Bi Raya ana mimba changa. Hakurudi. Maiti haikuonekana. Basi Bi Raya hakukaa eda ya ujane, na hitima, kisomo cha marehemu, hataki kuisikia.

"Nani kamwona kafa?" Miaka hamsini na tano, jibu lake hilo hilo.

Abdulsamad anapakia mizigo eapoti, mgongo ushakwisha, mvi zimemjaa. Anataka jambo moja tu: baba yake asomewe hitima na mama yupo, asikie.

Alhamisi hiyo akaingia jirani yao Rasik, Mhindi wa Unguja, mwalimu wa fizikia mstaafu, kashika gazeti, anahema kama kapata mjukuu.

"Bi Raya, tazama! Shimo jeusi! Limepigwa picha, mara ya kwanza duniani!"

Bi Raya akavaa miwani. Duara la moto, katikati kiza.

"Yaani mmepiga picha kiza? Mbona simu yangu imejaa hizo."

Wakacheka. Rasik akamweleza: shimo lina uzito hata mwanga hautoki, lenyewe halionekani abadan.

"Na kabla ya picha mlijuaje kama lipo?"

"Wengine walikataa hasa, wakasema hizo hesabu tu. Lakini ziko nyota zinazunguka pahala hapana kitu. Nyota haizunguki bure, Bi Raya."

Bi Raya akamgeukia mwanawe, uso umemkunjuka. "Umesikia? Na mie nazunguka miaka yote hii. Basi yupo."

Abdulsamad akakiweka kikombe chini. Hitima ndiyo imekwenda hiyo.

Rasik akalikunja gazeti polepole.

"Mengi ya mashimo haya yalikuwa nyota, Bi Raya. Zikafa. Mwanga umekwenda, uzito umebaki. Huo ndio unaozungusha."

Birika la umeme likachemka, likazima lenyewe, Bi Raya hakuliendea.

"Una hakika?"

"Ya kuapia, sina. Ya kufanyia kazi, ninayo."

Bi Raya akaitazama kanzu mlangoni. Akaitazama mno.

"Samad. Jumapili una shifti?"

"Sina, mama."

"Waite watu. Wasome." Abdulsamad akaishika simu papo hapo. "Lakini nguo yake msiitoe sadaka. Vaa wewe. Akirudi atakuvua mwenyewe."

Jumapili, watu washaanza kuvua viatu mlangoni, Abdulsamad akaivaa chumbani. Ikamwishia chini kidogo ya magoti. Akasimama mbele ya kioo, anaivuta ishuke, haishuki.

Kumbe baba alikuwa mfupi.

Akainamisha pua begani, akavuta udi, hakutaka kutoka.