Kabati Ndani ya Dohani

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba masizi ya Sweden yana kumbukumbu. Niliamini kwamba mkaguzi wa dohani akikwangua kijiko kimoja tu cha masizi na kukitia kwenye kikopo, kuna maabara itakayomwambia kila ulichochoma tangu uhamie ndani ya nyumba: kuni za mti gani, gazeti la lini, hata kama Krismasi ulibanika mbuzi au kuku. Na wakikuta kitu kilichokatazwa, jiko linapigwa muhuri mwekundu, na jina lako linaingia kwenye orodha ambayo haifutiki mpaka Kiyama.

Habari hii sikuiokota barabarani. Nilipewa na rafiki yangu Mganda, aliyekuja nchi hii zamani kama mkimbizi na sasa anafunga boliti katika kiwanda cha malori kule Södertälje. Mtu anayefunga boliti za malori ya dunia nzima, nani atambishia? Alinieleza akiwa mezani kwangu, mdomo umejaa maharage yangu.

"Ssebo, sikia. Yule anafagia dohani, huyo hana matata. Anafagia, anakwenda. Lakini wewe utake kubadilisha jiko, banange! Inakuja inspekta. Anabeba masizi yako kwa kakopo, anapeleka laboratori. Majibu inarudi kama ya damu."

"Hata ya zamani?"

"Yote! Masizi haina kusahau."

Nikaweka kijiko chini. Hamu ya kula ilikwisha, kwa sababu mimi nilikuwa nimechoma kabati.

Nyumba yetu ni ndogo, ya mbao, kusini mwa Stockholm, vituo viwili vya basi kutoka Rågsved. Tulipoinunua tulilikuta jiko la kuni jikoni, la chuma cheusi, lenye umri wa kunizidi mimi na baba yangu tukijumlishwa, na uzito wa kifaru mwenye mimba. Majira ya baridi ya kwanza kuni zilituishia siku ya Jumapili, theluji imefika kwenye madirisha (mke wangu anasema ilifika kwenye ngazi ya kwanza, lakini yeye hana jicho la vipimo). Stoo kulikuwa na kabati la zamani la mke wangu, lile la mbao za kusagwa na kugandishwa kwa gundi, limepakwa rangi nyeupe. Nikalipasua na kulilisha jiko. Lilitoa ndimi za kijani. Mke wangu aliporudi kutoka kanisani alifungua kila dirisha, nje baridi ya kugandisha mate.

"Baba watoto, unapika nini humu? Ndala?"

Nikamwambia dohani imeziba kidogo. Kuhusu kabati, nilimwambia nimelitoa msaada kwa familia ya Warundi waliofika juzi. Alifurahi sana. Akaanza kuiombea ile familia kila Jumapili.

Sasa, jiko lile lilikuwa linavuja moshi mlangoni, na mimi nilizidisha. Nimekulia Njombe, kwenye baridi. Mama yangu alikuwa akifukia makaa kwenye majivu ili asubuhi moto uwepo, asiende kuomba kaa kwa jirani. Basi na mimi kila jioni nilijaza kuni, nikabana tundu la hewa mpaka mwisho, moto ulale. Moto haukulala. Ulifuka. Moshi uliotoka juu ya paa letu ungeweza kuanika nguo juu yake.

Mke wangu akaanza kukohoa. Mwaka wa kwanza kidogo, mwaka wa pili akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na daktari akamwambia waziwazi kwamba moshi wa ndani unamuumiza. Jumamosi moja akarudi kutoka Vällingby na karatasi ya dukani. Ilikuwa na picha ya jiko jipya, mlango wa kioo.

"Hili linachoma mpaka moshi wake lenyewe," akasema. "Muuzaji amenieleza. Tunaandika barua halmashauri, mkaguzi anakuja kutazama dohani, basi."

Niliposikia mkaguzi, kabati likafufuka tumboni mwangu, na droo zake zote.

Ndipo nikawa mtetezi wa jiko la zamani. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, nina cheti, na ndani ya cheti kuna kemia. Nilihutubia jikoni kama bungeni. Chuma cha zamani hakitengenezwi tena! Maharage ya jiko hili yana ladha!

"Yana ladha ya masizi," mke wangu akasema.

Kioo kitapasuka!

"Miwani yako haijapasuka, na unailalia."

Binti yetu akamalizia kwa Kiswidi, bila kuinua macho kwenye simu yake, kwamba baba analipenda jiko kuliko watu. Nikacheka. Haikunichekesha. Ile kemia yangu, badala ya kuniokoa, ilizidi kunizamisha: nilijua masizi ni kaboni, na nikajihakikishia kwamba kaboni haisahau. Hata mfagiaji wa kawaida, yule asiye na matata, alipotangaza siku yake ya kuja, wiki mbili kabla nilichoma kuni za mbetula, ule mti wa huku wenye gome jeupe, peke yake, safi kabisa, ili masizi ya juu yawe ya heshima.

Kilichonivunja ni ngazi za kituo cha treni pale Rågsved. Tulikuwa tunapanda na mifuko ya sokoni. Katikati mke wangu akasimama, akashika chuma cha pembeni, kifua kinapiga filimbi. Mwanamke huyu zamani alikuwa ananiacha mimi nyuma. Alinitazama tu. Neno jiko hakulitaja.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Ita mkaguzi." Wakinipiga muhuri, wanipige.

Mkaguzi alikuwa dada wa Kiswidi mwenye nguo nyeusi na taa kichwani. Alimulika dohani kwa kamera, akapanda juu ya paa, akashuka, akapima umbali wa jiko na ukuta. Mimi nilimfuata nyuma kama mshtakiwa. Kisha akasimama mbele ya jiko, akavua glavu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha duara.

Nikainua mikono juu.

"Ni mimi!" nikasema kwa Kiswidi changu chote cha shule ya jioni. "Nilichoma kabati! Milango miwili, droo tatu, rangi nyeupe! Mke wangu hana hatia!"

Mkaguzi akafungua kikopo, akatoa kifuko cha ugoro, akakibandika chini ya mdomo wa juu. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Kabati lipi?" mke wangu akauliza.

Nikaangalia mlango wa jiko.

"Lile la Warundi? Miaka miwili naiombea familia iliyomo ndani ya dohani?"

Nikaeleza yote: Södertälje, kikopo, maabara, muhuri mwekundu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo habari ilivyozidi kupungua, kama theluji kwenye kiganja. Mke wangu alikaa kwenye kiti, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kutulia. Mkaguzi alisubiri kiishe. Hakucheka.

"Dohani yenu ni nzima," akasema. "Jiko jipya mnaweza kuweka hata wiki hii. Mngeweza hata mwaka juzi. Choma kuni kavu, uache hewa ipite. Na makabati yenye rangi usichome tena, kwa ajili ya kifua chake."

"Na masizi?" nikauliza.

"Masizi hatupimi," akasema. "Tunayatia kwenye ndoo, tunakwenda kuyamwaga."