Shangazi Anamsaili Binti Yangu

Binti yangu ana akili nyingi, lakini aibu ameirithi kwangu. Mtu akimkatiza maneno, anazima kama redio iliyokatiwa umeme. Ndivyo alivyokosa kazi mwaka jana. Safari hii ameitwa kwenye usaili wa kwanza wa kampuni inayoshauri wafanyabiashara, akaniomba nimfanyie mazoezi.

Mimi ni fundi wa makochi. Nilikaa kwenye kochi la mteja ambalo lilikuwa halijatiwa springi, nikadidimia mpaka magoti yakakaribia masikio. Binti akaanza kujieleza. Sikuweza kumtazama usoni.

"Umepata kazi," nikasema.

"Baba, sijamaliza hata jina."

"Basi utaanza Jumatatu."

Tukamwita dada yangu, muuza viatu sokoni. Siku aibu ilipogawiwa, nadhani yeye alikuwa na wateja. Binti akampa karatasi yenye swali la mazoezi. Shangazi akavaa miwani, akasoma polepole: "Mteja wetu ana duka la viatu. Faida imeshuka. Utamshauri nini?"

Akavua miwani.

"Nani kakwambia imeshuka?"

"Shangazi, ni mfano tu."

"Mfano wenye viatu? Baba yako ndiye kakutuma."

Mimi nikajifanya natafuta nyundo.

Binti akavuta pumzi. "Kwanza ningependa kujua kama wateja wamepungua, au..."

"Wamepungua wapi? Wewe mwenyewe mara ya mwisho umenunua kwangu lini?"

"Subiri, shangazi, sijamaliza."

Nikaiacha nyundo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwambia mtu maneno hayo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na kila alipokatizwa aliyarudia kwa upole, kisha akaendelea pale pale alipoishia.

Alhamisi alirudi kutoka kwenye usaili uso umesawijika. Msaili, mwanamume mwenye ndevu nyingi, alikuwa amemkatiza katikati ya maelezo.

"Nikamwambia, subiri shangazi, sijamaliza."

"Ukamwambia nani?"

"Huyo mwenye ndevu, baba."

"Akasemaje?"

"Akasubiri."

Jana wamempigia simu: amepita. Raundi ya pili atasailiwa na watu watatu kwa pamoja. Dada yangu keshawaalika wenzake wawili wa sokoni, muuza vitunguu na muuza ndoo, ili mazoezi yawe kamili. Wanakuja leo alasiri. Mimi nimekumbuka kuna mteja anakaa mbali sana, na kochi lake lazima lipimwe leo.